Angalia Jicho Kabla ya Kufungua Chupa

Mbuzi akihara, wafugaji wengi wa kwetu Kyuso, kaunti ya Kitui, hukimbilia chupa ya dawa ya minyoo. Akikohoa, chupa hiyo hiyo. Akikonda, chupa. Ilhali mbuzi ambaye minyoo inammaliza kweli mara nyingi hahari hata kidogo. Kinyesi chake ni vile vidonge vikavu vya kila siku, anakula, anatembea na wenzake, ila hubaki nyuma kundi likipanda kutoka mtoni. Siku chache baadaye anakutwa chini ya mgunga amekufa, na watu wanasema ni nyoka.

Nia ya makala haya ni kukusaidia kumtambua mbuzi huyo mapema na kumpa dawa inayofaa kwa kipimo kinachofaa. Pia kuna jambo ambalo muuza dawa hana sababu ya kukuhimiza, nalo ni kuwaacha wenzake bila dawa.

Tumkamate kwanza mwizi mwenyewe. Minyoo ya mbuzi ni mingi, lakini unaoua zaidi katika nchi za joto ni mnyoo wa damu, ambao wataalamu wanauita Haemonchus contortus. Unaishi kwenye tumbo la nne, lile lenye mikunjo laini ndani, linalofuata baada ya kitabu. Mkichinja nyumbani, omba tumbo hilo kabla halijaoshwa. Lipasue polepole, lifungue juani, usilimwagie maji. Kama mnyoo upo utauona kwa macho yako: mwembamba kama uzi wa kushonea, urefu wa sentimita 2 hadi 3, na yale majike yana rangi mbili zilizojisokota, nyekundu na nyeupe. Nyekundu ni utumbo uliojaa damu ya mbuzi wako. Nyeupe ni mfuko wa mayai.

Mnyoo mmoja hupoteza damu ya mbuzi kiasi cha mililita 0.05 kwa siku, ambacho si kitu. Minyoo elfu moja hupoteza mililita 50, yaani robo kikombe cha chai, kila siku inayokuja. Mbuzi wetu mdogo wa kienyeji wa kilo 25 ana damu isiyofika hata lita mbili mwili mzima. Na kila mnyoo jike hutaga mayai elfu 5 na zaidi kwa siku, yote yakianguka na kinyesi pale mbuzi anapolala na anapolisha.

Ukiwa bado na kisu mkononi, pitisha vidole kwenye utumbo mpana. Ukigusa vinundu vigumu, vya kijani au manjano ndani, hiyo ni alama ya mnyoo mwingine, Oesophagostomum, ambao wapenda mutura wanaujua bila kujua jina lake: utumbo wenye vinundu hivyo haufai kujazwa kitu, hutupwa. Kuchinja mara moja au mbili kwa mwaka kwa macho ya kuchunguza kunakufundisha kuhusu kundi lako kuliko maelezo yote ya kwenye chupa.

Jicho

Kwa kuwa mnyoo mbaya ni wa damu, dalili ya kutafuta ni upungufu wa damu, na mahali pa kuutafuta ni ndani ya kope la chini. Daktari wa mifugo wa Afrika Kusini, Faffa Malan, pamoja na wenzake akina Jan van Wyk na Gareth Bath, waliigeuza hekima hiyo kuwa kadi yenye rangi tano, iitwayo FAMACHA. Sasa inatumika katika nchi nyingi zinazofuga kondoo na mbuzi. Namba 1 ni nyekundu, 2 ni nyekundu iliyoanza kuwa waridi, 3 ni waridi, 4 ni waridi iliyofifia, 5 ni nyeupe kabisa. Muulize daktari au afisa wa mifugo wa eneo lako namna ya kuipata, na umwombe akufundishe kwa mbuzi wako mwenyewe, kwa sababu kadi bila mafunzo ni kipande cha karatasi ya rangi.

Kazi yenyewe inataka watu wawili na jua la asubuhi. Mmoja amshike mbuzi, wa pili asimame mahali mwanga unaangukia jichoni, si kivulini mwa boma. Kwa kidole gumba kimoja teremsha kope la juu lifunike jicho, bonyeza kidogo, na kwa gumba la pili vuta kope la chini. Utando wa ndani utajitokeza wenyewe. Usisome rangi kwenye ukingo wa kope. Soma katikati ya ule utando, penye rangi iliyokolea zaidi. Una sekunde kama tatu. Ukiendelea kuvuta, damu itakimbilia pale na rangi itakudanganya. Fanya jicho la pili, na yakitofautiana, fuata lile lililofifia zaidi.

Mwenye 1 au 2 aachwe. Mwenye 4 au 5 apewe dawa siku hiyo hiyo. Mwenye 3 ndiye wa kufikiria: kama ni mwanambuzi, kama ni jike mwenye mimba kubwa au anayenyonyesha, kama mgongo wake umekuwa msumeno, mpe. Kama ni mbuzi mzima mwenye nyama, msubiri umwangalie tena baada ya wiki mbili. Kwa kondoo mtu anaweza kuwa mvumilivu zaidi kwenye 3. Mbuzi hawastahimili hivyo.

Usitumie picha ya kadi kwenye simu. Kila kioo cha simu kina rangi zake, na chini ya jua la Kyuso utaona unachotaka kuona. Kadi halisi nayo hupauka; itunze ndani ya kitabu, na ikizeeka itafute nyingine. Kulinganisha mbuzi na mbuzi bila kadi kunasaidia kiasi, lakini kama kundi zima limepungukiwa damu utamwona aliye afadhali ukadhani ni mzima.

Jicho halitoshi peke yake. Bath na van Wyk baadaye waliongeza sehemu nne za kupitia kwa haraka mkononi. Chini ya taya, kama kuna uvimbe laini wa maji, hasa jioni baada ya mbuzi kushinda ameinamisha kichwa, hiyo ni damu iliyokwisha protini na ni dawa bila mjadala. Mgongoni, unapapasa nyama. Mkiani, unatazama uharo. Puani, makamasi mazito yanaweza kuwa ya funza wa inzi wa pua. Mtu aliyezoea humaliza mbuzi mmoja kwa muda mfupi kuliko anaotumia kumkimbiza.

Neno la tahadhari kuhusu weupe huo wa jicho. Kupe wengi wanaweza kuusababisha, chawa pia, na kwa wale wanaolisha kaskazini kuelekea mto Tana na hifadhi ya Mwingi, ndorobo na ugonjwa wa nagana. Mbuzi akiwa mweupe, ukampa dawa nzuri ya minyoo, na wiki mbili baadaye bado ni mweupe, usirudie dawa ile ile kwa hasira. Mwite daktari achukue damu.

Mvua ndiyo kalenda

Yai la mnyoo linataka joto na unyevu. Joto Kyuso halijawahi kukosekana. Unyevu ukipatikana, yai huanguliwa na kiluwiluwi hufikia hatua ya kuambukiza ndani ya siku 4 hadi 7, kikapanda kwenye jani la nyasi pamoja na umande, vingi vikibaki katika sentimita chache za chini. Mbuzi akikimeza, baada ya wiki tatu hivi kimekuwa mnyoo mzima unaotaga. Hesabu hiyo ndiyo ya kushika: mvua za Oktoba zikishika vizuri, macho huanza kupauka kuanzia mwishoni mwa Novemba, na Desemba hadi Januari ndio msimu wa vifo vya ghafla. Mvua za Machi na Aprili huleta wimbi la pili, ambalo kwa upande wetu huwa dogo kwa sababu mvua zenyewe hazitegemeki sana.

Kwa hiyo kagua macho kila wiki mbili kuanzia wiki ya tatu baada ya mvua kushika, hadi nyasi zikauke. Kiangazi, mara moja kwa mwezi inatosha. Ukikuta zaidi ya mbuzi mmoja kati ya kumi wana 4 au 5, kagua kila wiki na uhamishe malisho.

Mwaka wa mvua baada ya ukame ndio wa kuogopa. Misimu mitano mfululizo ilishindwa kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño. Mbuzi aliyetoka kwenye njaa hana akiba ya protini ya kutengenezea damu mpya, na minyoo michache ambayo mwenzake aliyeshiba angeibeba bila kujua humlaza yeye. Watu hushangaa mbuzi wamevuka ukame mzima kisha wanakufa majani yakiwa hadi magotini. Si ajabu. Wamekufa kwa sababu ya majani hayo.

Sasa, kuna ushauri ambao umezunguka miaka mingi: mpe kila mbuzi dawa mwishoni mwa kiangazi kabla ya mvua. Kwenye karatasi unapendeza. Mnyoo wa damu hujua kusubiri. Kiangazi viluwiluwi vilivyomezwa hutulia tumboni bila kukua, kisha huamka wakati wa mvua. Ukiviua vikiwa vimelala umefunga mlango. Tatizo ni kwamba mwezi wa Septemba ardhi yetu ni mchanga mtupu, na viluwiluwi vya nje vimekauka vyote. Minyoo iliyobaki hai ni ile iliyo ndani ya mbuzi tu. Ukiwanywesha wote, watakaobaki ni wale tu ambao dawa haikuwaweza, na hao ndio watakaotaga mayai ya msimu mpya. Umepanda mbegu ya minyoo sugu kwa mkono wako, tena umeilipia. Wanyweshe dhaifu na waliopauka, waache wanene. Minyoo ya hao wanene, ambayo bado inakufa kwa dawa, itachanganya damu na ile sugu na kukupa miaka zaidi ya kutumia chupa yako.

Haya si mambo ya nadharia. Utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya na kuchapishwa 1995 ulikuta kondoo na mbuzi wa shamba moja wakiwa na minyoo iliyokuwa imezoea zaidi ya aina moja ya dawa. Pwani kuna mvua na unyevu kuliko kwetu, hivyo walinywesha mara nyingi. Kyuso, ukame umetupa nafasi ambayo wao hawakuwa nayo, na itakuwa aibu kuichezea.

Nafasi nyingine tuliyopewa ni vichaka. Mbuzi anayevunja majani ya mgunga juu ya goti lake hamezi viluwiluwi, na majani na maganda ya migunga mingi yana tanini ambazo minyoo haizipendi. Shida huanza pale tunapomgeuza mbuzi kuwa kondoo: tunapomfunga kamba penye nyasi fupi karibu na nyumba, tunapoacha wanambuzi washinde kwenye ukijani wa ukingo wa silanga, au pale maji yanapovuja kwenye kioski cha maji na kuota zulia la nyasi mwaka mzima. Kale kazulia ka kijani, kiangazi kikali, ndiko kiwanda cha minyoo cha kijiji. Ziba bomba, au zungushia miiba.

Kaunta ya dawa

Mazungumzo huwa mafupi.

"Nipe dawa ya minyoo ya mbuzi, mwanangu."

"Ya shilingi ngapi, mama?"

Swali lilipaswa kuwa la kilo. Dawa inapimwa kwa uzito wa mbuzi, na chupa mbili za albendazole zinazofanana kama mapacha zinaweza kuwa na nguvu tofauti mara nne: moja imeandikwa 2.5%, nyingine 10%. Ya kwanza ina miligramu 25 katika kila mililita, ya pili ina 100. Anayezoea kipimo cha moja akanunua nyingine bila kusoma, ama amempa mbuzi robo ya dawa, ama amempa mara nne.

Kuna la pili ambalo chupa nyingi hazisemi. Mbuzi si kondoo. Ini lake linaisafisha dawa haraka zaidi, kwa hiyo kipimo cha kondoo kwa mbuzi ni kipimo pungufu, ingawa lebo imewaandika pamoja. Wataalamu wa minyoo wanashauri albendazole kwa mbuzi iwe mara mbili ya kondoo, yaani miligramu 10 kwa kila kilo badala ya 5. Mbuzi wa kilo 30 basi anahitaji miligramu 300: mililita 12 za ile ya 2.5%, au mililita 3 za ile ya 10%. Kwa kuwa hapo unavuka lebo, kubaliana kwanza na daktari wako wa mifugo, na umuulize pia siku za kusubiri kabla ya kunywa maziwa au kuchinja, kwa sababu zitaongezeka.

Albendazole haifai jike aliye katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kuharibu mtoto. Kundi likiwa na beberu ndani mwaka mzima, kama ilivyo kawaida huku, huwezi kujua nani yuko mwezi gani. Mwambie daktari ukweli huo akuchagulie dawa nyingine.

Levamisole ni familia ya pili ya dawa za minyoo. Kwa mbuzi hutolewa mara moja na nusu ya kondoo, miligramu 12 kwa kilo, na hapo ndipo mwisho. Nafasi kati ya dawa na sumu ni nyembamba. Mbuzi aliyezidishiwa hutoka mate, hutetemeka, huyumba. Usimpe mara mbili kwa sababu hukumbuki kama ulimpa.

Familia ya tatu ni ivermectin, na wengi tunaijua kama sindano. Inaua minyoo, upele na chawa, na uzuri huo ndio ubaya wake: kila unapomdunga mbuzi kwa sababu ya upele, minyoo ya tumboni nayo inapewa somo. Kama shida ni chawa peke yake, tumia dawa ya kuogeshea. Kwa minyoo, dawa ya kunywa hufanya kazi vizuri zaidi kwa mbuzi na huzuia usugu kuliko sindano.

Ukiambiwa "badilisha dawa", soma jina dogo chini, si jina kubwa la juu. Maduka matatu yanaweza kukuuzia albendazole yenye lebo tatu za rangi tofauti. Hapo umebadilisha chupa tu. Na kama chupa imekaa dirishani ikipigwa na jua, au lebo haisomeki tarehe ya mwisho, iache hapo hapo. Dawa za mifugo nchini husajiliwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo, VMD, na wanaoruhusiwa kutibu husajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Mifugo, KVB. Kumwomba mtu akuonyeshe usajili wake si utovu wa adabu.

Kuhusu miti shamba, Albizia anthelmintica ndio unaotajwa zaidi kati ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Umejaribiwa hapa Kenya na matokeo yamegongana: kwingine umepunguza mayai ya minyoo sana, kwingine haukufanya lolote la maana. Anayeutumia aendelee akijua hivyo, lakini mbuzi mwenye jicho la 5 hana siku za kufanyiwa majaribio.

Kupima na kunywesha

Kukisia uzito kwa macho ndilo kosa la wote, na karibu kila mara tunakisia chini. Mzani ule ule wa kuning'inia ambao wanunuzi wa ndengu hubeba msimu wa mavuno unatosha. Toboa gunia matundu manne ya miguu, mvike mbuzi, mwinue, soma. Pima wachache wa kila umri, uandike. Mwakani utakuwa na jicho lililofundishwa. Jike mzima wa Galla anaweza kufika kilo 45 hadi 55 na wa kienyeji akaishia 30, kwa hiyo "kipimo cha mbuzi mkubwa" ni maneno matupu. Kwa albendazole, ukinywesha kundi la rika moja, fuata uzito wa mzito zaidi, si wa wastani. Kwa levamisole, kila mbuzi kwa kilo zake.

Jioni ya kuamkia siku ya kunywesha, fungia wale utakaowanywesha bomani bila chakula, maji wapewe. Tumbo likiwa halijajaa, dawa hupita polepole na hukaa na minyoo muda mrefu, na kwa albendazole tofauti huwa kubwa. Wagonjwa hoi na wenye mimba kubwa wasinyimwe chakula.

Asubuhi, tikisa chupa. Tena. Albendazole ni unga ulioelea majini, na chupa iliyosimama wiki mbili ina maji juu na dawa chini. Mbuzi wa kwanza wanakunywa maji, wa mwisho wanakunywa tope. Mshike mbuzi kichwa kikiwa sawa na mgongo, usimwinulie pua mbinguni. Ingiza bomba la kunyweshea pembeni mwa mdomo, penye nafasi isiyo na meno, lifike nyuma ya ulimi, sukuma taratibu, umwache ameze. Kichwa kikiinuliwa sana dawa huingia mapafuni, na mbuzi huyo atakufa kwa nimonia wiki ijayo, kisha dawa ndiyo isingiziwe. Kutia dawa mbele ya ulimi nako hakufai: hutema nusu, na nyingine hupita njia ya mkato na kuliruka tumbo kubwa ambalo ndilo ghala lake. Chupa ya soda kama chombo cha kunyweshea iachwe kwa hadithi; haina mistari ya mililita.

Kama unataka kujua dawa bado inafanya kazi kwako, kuna kipimo halisi. Siku ya kunywesha, chukua kinyesi kutoka moja kwa moja kwenye njia ya haja ya mbuzi kumi hivi, kila mmoja mfuko wake na alama yake. Rudia kwa mbuzi hao hao baada ya wiki mbili. Maabara huhesabu mayai, na kama yamepungua chini ya asilimia 95, una usugu. Kinyesi kisikae kwenye joto la gari: kiweke penye baridi na kifike ndani ya siku moja, la sivyo mayai huanguliwa njiani na hesabu inakuwa bure. Kuna maabara ya uchunguzi ya mifugo Garissa, kwenye barabara inayopita Mwingi, na maabara kuu ziko Kabete. Wafugaji kumi wakiungana, nauli ya mtu mmoja inawatosha.

Yasiyo ya chupa hii

Mwanambuzi wa wiki tatu hadi miezi mitano anayehara, pengine na damu, katika boma lenye mbolea mbichi, ana uwezekano mkubwa wa kuwa na koksidia. Si minyoo, na hakuna dawa ya minyoo inayoigusa. Inataka amprolium au dawa za salfa kwa siku kadhaa, na inataka boma kavu kuliko dawa yoyote. Vipande vyeupe kama mchele kwenye kinyesi ni tegu. Huogopesha mwenye mbuzi kuliko mbuzi mwenyewe, na mara chache ndiye mwuaji. Mbuzi anayezunguka duara moja, kichwa kimeinama upande, huenda ana kifuko cha tegu ubongoni, ambacho mayai yake yalitoka kwa mbwa. Kwake hakuna la kunywesha. La kufanya ni kuacha kumtupia mbwa kichwa na maini yenye vifuko vya maji, kuvizika kina au kuvichoma, na kumpa mbwa huyo praziquantel. Kufanya hivyo kunawalinda na watoto wako, maana vifuko vya maini na mapafu hutokana na tegu mwingine wa mbwa anayeingia pia kwa binadamu.

Uharo unaokuja na homa, machozi na vidonda mdomoni, kwa mbuzi wengi ndani ya wiki moja, usiuguse kwa dawa ya minyoo hata kidogo. Inaweza kuwa PPR, ugonjwa ulioingia Kenya 2006 kupitia Turkana na kuua mbuzi na kondoo kwa wingi. Simu kwa ofisi ya mifugo siku hiyo hiyo, na mbuzi wasitoke.

Mbuzi aliyenunuliwa sokoni anakuja na minyoo ya kwao, pengine sugu tayari. Mtenge wiki mbili. Mpe dawa mbili za familia tofauti kwa siku moja, kila moja kwa kipimo chake kamili, kwa ushauri wa daktari, mfungie siku mbili amalize kutoa mayai bomani, na wiki mbili zikiisha mwachie mahali ambapo kundi lako hulisha siku zote.

Chakula ni nusu ya tiba. Mashina na maganda ya ndengu na kunde yasichomwe shambani baada ya mavuno. Yahifadhiwe juu ya chanja na wapewe kwanza majike walio karibu kuzaa na wanaonyonyesha. Kuanzia wiki mbili kabla ya kuzaa hadi miezi miwili baadaye, kinga ya jike hulegea na mayai ya minyoo huongezeka kwenye kinyesi chake, pale pale mwanambuzi anapojifunza kula.

Mwisho, daftari. Katika kundi lolote, mbuzi wachache hubeba sehemu kubwa ya minyoo yote, na ni wale wale kila msimu. Uwezo wa kuistahimili hurithiwa. Majaribio ya taasisi ya utafiti wa mifugo ILRI huko Diani yalionyesha kondoo Mwekundu wa Kimaasai akiistahimili kuliko Dorper, na mbuzi mdogo wa kienyeji akimshinda Galla, ingawa Galla ndiye mwenye bei sokoni. Kwa hiyo mfunge kila uliyemnywesha uzi wa rangi shingoni au mwandike. Mwenye nyuzi mbili au tatu katika mvua moja asiachwe azae tena kundini mwako, na beberu aliyehitaji dawa hata mara moja wenzake wakiwa salama asipande kabisa, hata awe na umbo la kuvutia namna gani. Watoe wote hao, baada ya siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye chupa kwisha.